Vitamini D: Jua, Samaki na Ulinzi wa Mwili

Mkulima huchagua mbegu nzuri, akapanda mvua inapoanza, akapalilia kwa wakati wake. Lakini kama yu mgonjwa kitandani siku za mavuno, taabu yake yote imepotea bure. Kwa hiyo somo la mwezi huu si la mahindi wala la minazi, bali ni la mwili wa mkulima mwenyewe na watoto wake. Tutaeleza habari za vitamini D, na jinsi inavyousaidia mwili kupigana na maradhi.

Wasomaji wengi wamekwisha kulisikia jina hili. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020 na 2021, lilitajwa sana, na katika nchi nyingi watu walinunua vidonge vya vitamini D wakitumaini kwamba vitawakinga. Vidonge hivyo vingali vinauzwa katika maduka ya dawa, na bei yake si ndogo kwa mtu anayeishi kwa kuuza nazi na muhogo. Je, mtu wa Waa ana haja navyo? Kama yeye hana haja navyo, na mtoto wake mchanga je? Tena, mtu mwenye vitamini D ya kutosha aweza kuacha chanjo na dawa za hospitali? Maswali haya matatu ndiyo tutakayoyajibu. Soma polepole, na ukimaliza msomee jirani yako asiyejua kusoma.

VITAMINI NI NINI?

Ugali, muhogo na wali humpa mtu nguvu ya kushika jembe. Samaki, mayai, kunde na pojo hujenga mwili. Tui la nazi nalo hutia nguvu kwa mafuta yake. Lakini mbali na hivyo, mwili wahitaji vitu vingine kwa kiasi kidogo mno, ambavyo vikikosekana mtu huugua ingawa tumbo lake limeshiba. Vitu hivyo ndivyo viitwavyo vitamini.

Ili ujue udogo wake, fikiri hivi. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 15 hivi za vitamini D kwa siku, na gramu moja ina maikrogramu milioni moja. Basi gramu moja tu, mfano wa chumvi iliyo kwenye ncha ya kijiko, ingemtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 180.

Watu waliujua ugonjwa wa kukosa vitamini hii kabla hawajaijua yenyewe. Katika miji ya Ulaya iliyojaa moshi wa viwanda, watoto wengi walikuwa na matege. Mifupa yao ilikuwa laini, na miguu ikapinda kwa uzito wa mwili. Mwaka 1919 Edward Mellanby, mtaalamu wa Uingereza, alieleza jinsi alivyowaweka watoto wa mbwa ndani na kuwalisha chakula kilichopunguka, wakapata matege. Na jinsi mafuta ya ini la samaki yalivyouzuia ugonjwa huo. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba ndani ya mafuta hayo mna kitu maalum kinachoitengeneza mifupa. Kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumiwa kwa vitamini nyingine, hiki kikaitwa D.

VITAMINI ITOKAYO JUANI

Vitamini nyingi huja kwa njia ya chakula. Hii ya D ina ajabu yake, maana mwili huweza kuifanya wenyewe ukipata jua. Miale ya jua ikiipiga ngozi isiyofunikwa, hugeuza kitu fulani cha jamii ya mafuta kilichomo ngozini kiwe vitamini D. Kutoka hapo damu huichukua mpaka kwenye ini, kisha mpaka kwenye figo, na huko hukamilishwa ikawa tayari kwa kazi.

Lakini si kila mwale wa jua ufanyao kazi hiyo. Unaoifanya ni mwale mkali usioonekana kwa macho, na jua likiwa chini mwale huo hupotea njiani kabla haujatufikia. Ndiyo sababu jua la saa moja asubuhi, ingawa ni zuri na la upole, halifanyi vitamini D nyingi. Ili kujua wakati ufaao huna haja ya chombo chochote. Tazama kivuli chako. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, jua hilo lafanya kidogo tu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lafanya kazi vizuri. Hapa kwetu huwa hivyo tangu kama saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Ujue pia kwamba mwale huo haupiti katika kioo. Mtu aliyekaa nyuma ya dirisha lililofungwa hupata joto la jua bila vitamini yake.

Rangi nyeusi ya ngozi ni kama mwavuli uikingao ngozi isiungue. Lakini mwavuli huo huzuia pia sehemu ya miale ifanyayo vitamini D, na kwa hiyo mtu mweusi huhitaji kukaa juani muda mrefu kuliko mtu mweupe ili apate kiasi kile kile. Hapa Waa, ambapo ni karibu digrii 4 kusini ya ikweta, jambo hilo halimdhuru mtu ashindaye shambani au baharini, maana jua lipo mwaka mzima, hata miezi ya kusi yenye mawingu. Hasara huja pale mwenye ngozi hiyo anapokaa ndani siku zote, au anapohamia nchi za baridi.

Wala usiogope kwamba mtu wa shamba atapata vitamini D kupita kiasi. Ngozi ikisha kufanya ya kutosha, jua lile lile huiharibu ile inayozidi.

ASKARI WA MWILI

Watu wengi huijua vitamini D kwa habari ya mifupa tu. Sasa tuitazame kazi yake ya pili.

Katika damu mna chembe nyeupe, na hizo ndizo askari wa mwili. Ziko za namna nyingi. Baadhi ni chembe kubwa zinazozunguka zikimeza vijidudu. Nyingine humkumbuka adui aliyekwisha kuja siku za nyuma, ili akirudi apigwe upesi. Hizo ndizo zinazofundishwa na chanjo.

Mwaka 2006 wataalamu wa Los Angeles, Marekani, walieleza jambo kubwa. Chembe kubwa inapokutana na kijidudu cha kifua kikuu, huivuta vitamini D iliyomo katika damu na kuikamilisha yenyewe, bila kungoja figo. Ikisha kukamilika, vitamini hiyo huiamuru chembe itengeneze sumu iitwayo kathelisidini, ambayo ni silaha ya kuulia vijidudu. Walipotumia damu ya watu waliopungukiwa na vitamini D, silaha hiyo ilikuwa haba. Walipoongeza vitamini D katika damu ile ile, silaha ikaongezeka.

Tena vitamini D husaidia kuwatuliza askari hao. Askari wakipiga ovyo bila amri, huweza kuichoma nyumba waliyotumwa kuilinda. Katika maradhi ya kifua, mara nyingine mapafu huumizwa na vita vya mwili wenyewe kuliko vijidudu vyenyewe.

Basi uelewe vizuri. Vitamini D si askari, na peke yake haiui ugonjwa. Mfano wake ni karani wa ghala la silaha. Karani asipokuwapo, ghala hufungwa na askari hupigana mikono mitupu. Lakini karani mmoja akiwapo, kuongeza makarani kumi hakuongezi askari hata mmoja.

MAMBO YALIYOPIMWA

Pengine utauliza, je, haya yamepimwa kwa watu, au ni maneno ya vitabu tu? Yamepimwa, na ni vizuri mkulima ayajue yote, yale ya kusifu na yale ya kupunguza sifa.

Mjini Addis Ababa, Ethiopia, madaktari waliwatazama watoto 500 waliougua nimonia, yaani kichomi, na watoto wengine 500 wasio na ugonjwa huo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1997. Katika kila watoto 100 wenye nimonia, 42 walikuwa na matege. Katika kila watoto 100 wasio na nimonia, wenye matege walikuwa 6 tu. Hapa yaonekana wazi kwamba mtoto aliyekosa vitamini D na madini ya mifupa yumo katika hatari kubwa ya kifua. Mbavu zake laini hazimpi pumzi nzuri, na askari wake ni dhaifu.

Lakini sikiliza na haya. Nchini Mongolia, ambako baridi ni kali na watu wengi hupungukiwa na vitamini D, watoto wa shule zaidi ya 8,800 walifuatwa kwa miaka 3. Nusu yao walipewa vitamini D kila juma, na nusu walipewa kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Makundi yote mawili yaliambukizwa kijidudu cha kifua kikuu karibu sawasawa. Vitamini D peke yake haikuwakinga.

Kwa habari ya mafua na maradhi mengine ya kifua, mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 25 yenye watu karibu 11,000. Waliona kwamba vitamini D ikitolewa kidogo kidogo, kila siku au kila juma, ilisaidia kiasi, na waliosaidika zaidi ni wale waliokuwa wamepungukiwa sana. Ile iliyotolewa kwa dozi kubwa ya mara moja haikusaidia. Mwaka 2025 majaribio mengine mengi yakaongezwa katika hesabu hiyo, watu wakazidi 60,000, na faida ikaonekana ndogo sana hata isiweze kuthibitishwa.

Mambo haya yote hayapingani. Debe lililopunguka ukilijaza, umefanya kazi ya maana. Debe lililojaa ukizidi kulimiminia, unamwaga maji. Kwa hiyo swali lenye maana ni kujua debe la nani limepunguka.

NI NANI WANAOPUNGUKIWA HAPA KWETU?

Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya watu 60 wa Tanzania, Wamasai na Wahadzabe, waishio kwa desturi zao za asili na kushinda nje. Damu yao ilipopimwa, wastani wao ulikuwa vipimo 115, ambapo mtu aliye chini ya 50 huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya watoto wadogo zaidi ya 4,500 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini. Watoto wa Kenya katika hesabu hiyo walitoka Kilifi, pwani yetu hii hii. Waliopungukiwa walikuwa kama 8 katika kila 100. Basi watu wengi wa mashamba wana debe lililojaa.

Lakini kuwa na jua katika nchi si sawa na kuwa na jua katika ngozi. Mjini Nairobi, katika mitaa yenye vibanda vilivyosongamana, madaktari wamewaona watoto wenye matege kwa kukosa vitamini D, ingawa Nairobi iko karibu na ikweta. Katika nchi za Uarabuni jua ni kali mno, na hata hivyo wanawake wengi hupungukiwa, kwa sababu hukaa ndani na wakitoka hujifunika. Kwa hiyo hata Waa, Tiwi, Ng'ombeni na Diani wapo wanaofaa kuangaliwa.

Wa kwanza ni mtoto mchanga. Maziwa ya mama ni chakula kilicho bora kuliko vyote kwa mtoto, lakini yana vitamini D kidogo. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni, na kama mama alikuwa amepungukiwa, akiba hiyo ni haba. Tena ipo desturi yetu ya arobaini, mama na mtoto kukaa ndani siku 40. Desturi hii ina wema wake. Mama hupumzika, na mtoto huepushwa na wageni wenye mafua. Hapana haja ya kuivunja. Lakini uani si barabarani. Mama aweza kukaa uani na mtoto wake kwa dakika chache, kivuli kinapoanza kuwa kifupi, miguu na mikono ya mtoto ikiwa wazi, kichwa na macho vikikingwa. Asiachwe juani muda mrefu, maana ngozi ya mtoto mchanga huungua upesi. Ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati, au kama jua haliwezekani, mwulize muuguzi wa zahanati habari za matone ya vitamini D. Kiasi cha mtoto mchanga ni maikrogramu 10 kwa siku, na kwenye kichupa huandikwa 400 IU.

Wa pili ni wanawake wakaao ndani siku zote, hasa wajawazito na wanaonyonyesha. Hakuna asemaye waache mavazi yao ya heshima. Nyumba zetu nyingi zina ua wa makuti, na ndani ya ua mwanamke huweza kupeta mchele, kukuna nazi au kufua, huku amejifunga kanga na mikono yake i wazi. Nusu saa ya kazi hiyo katika jua la kivuli kifupi, mara tatu au nne kwa juma, ni msaada mkubwa. Ikiwa nyumba haina ua, panga na majirani mjenge mmoja wa pamoja.

Wa tatu ni wazee na wagonjwa walalao ndani. Ngozi ya mzee hufanya vitamini D kidogo kuliko ya kijana. Mtolee babu au bibi kiti chake nje. Baraza yenye kivuli kizito haitoshi.

Wa nne ni wafanyao kazi usiku na kulala mchana, kama walinzi na watumishi wa mahoteli ya Diani, pamoja na wale washindao dukani na ofisini.

Wa tano ni ndugu zetu waliohamia Ulaya. Kule Uingereza, tangu Oktoba mpaka mapema mwezi wa Machi, jua halina nguvu ya kufanya vitamini D. Serikali ya huko hushauri watu wafikirie kutumia maikrogramu 10 kila siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia mwaka mzima. Ukiwa na mwanao huko, mwambie habari hii.

Mtu mmoja yu mbali na haya yote, naye ni mtu mwenye ualbino. Yeye hana ule mwavuli wa rangi, na jua humletea saratani ya ngozi. Asitafute jua. Na avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, apake mafuta ya kukinga jua, na vitamini D aipate katika chakula au kwa ushauri wa daktari.

VITAMINI D KATIKA CHAKULA

Vyakula vyenye vitamini D nyingi si vingi, lakini mtu wa pwani ana bahati. Kilicho bora ni samaki wenye mafuta, kama vibua, jodari na dagaa, ambao wengine huwaita simu. Changu na tasi ni samaki wazuri wa kujenga mwili, ila mafuta yao ni machache na vitamini D yao ni haba. Vibua na dagaa kwa kawaida huwa na bei nafuu kuliko samaki wakubwa wanaopelekwa mahotelini. Basi usiwadharau kwa kuwa ni wa bei ndogo. Mvuvi asiuze wote. Na abakishe wa watoto wake.

Vitamini D huyeyuka katika mafuta, na mwili huipokea vizuri ikiliwa pamoja na mafuta. Kwa hiyo dagaa wa kupaka au mchuzi wa nazi si anasa tu, ni mapishi yenye maana. Baada ya samaki huja kiini cha yai, kisha maini kwa kiasi kidogo. Uyoga nao ukianikwa juani hufanya vitamini D, kama ngozi yetu ifanyavyo.

Lakini vitamini D haiwezi kujenga mfupa bila madini ya kalsiamu, kama fundi asivyoweza kujenga ukuta bila chokaa. Mjini Jos, Nigeria, nchi yenye jua jingi, watoto wengi walikuwa na matege kwa sababu chakula chao cha nafaka kilikuwa na kalsiamu kidogo mno. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Kwa hiyo mtoto asilishwe uji mtupu. Mpe maziwa, na dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, na mboga kama mchunga na majani ya kunde. Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Mfupa wa mtoto nao hunyoshwa angali mdogo.

ANGALIA NA KUKU WAKO

Mkulima mwenye kuku aweza kuyaona mambo haya bandani mwake. Vifaranga wafungwao katika banda la giza, wakilishwa pumba na mahindi tu, hulegea miguu, wakashindwa kusimama. Kuku watagao hutaga mayai yenye ganda jembamba. Ukiona hivyo, wape kuku jua na chokaa ya maganda ya konokono wa baharini au kome yaliyopondwa. Chakula cha kuku kinunuliwacho dukani kwa kawaida hutiwa vitamini D. Lakini ukichanganya mwenyewe, mwulize bwana shamba habari za unga wa vitamini wa kuchanganyia.

Tena faida hurudi kwako. Huko Ujerumani, mwaka 2014, wataalamu waliwapima kuku waliotoka nje juani na kuku waliofungiwa ndani. Viini vya mayai ya kuku wa nje vilikuwa na vitamini D mara tatu mpaka nne kuliko vya kuku wa ndani. Basi kuku wa kienyeji anayeparura uani kwako anakukusanyia jua na kulitia katika yai. Ndama naye asifungwe gizani tangu kuzaliwa. Apate uwanja wenye jua na majani makavu yaliyoanikwa vizuri.

HABARI ZA VIDONGE

Vidonge vya vitamini D vina kazi yake. Daktari aweza kumpa mtoto mwenye matege, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mzee asiyetoka nje, au mgonjwa wa figo au ini. Hao wafuate maagizo ya daktari. Lakini mtu mzima mwenye afya, anayelima au kuvua, na kula samaki, hana sababu ya kutoa fedha zake. Afadhali anunue mayai.

Vidonge vikizidi huleta madhara ambayo jua haliwezi kuleta. Kalsiamu hujaa katika damu, mtu hutapika, huona kiu, na figo huharibika. Mtu mzima asizidi maikrogramu 100 kwa siku, ambazo kwenye kichupa huandikwa 4000 IU, isipokuwa kwa amri ya daktari. Mtoto asipewe vidonge vya mtu mzima hata kidogo.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1849 hospitali ya Brompton ya London, iliyotibu maradhi ya kifua, ilieleza kwamba wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa mafuta ya ini la samaki walipata nafuu kuliko wengine. Hata hivyo wengi waliendelea kufa kwa ugonjwa huo, mpaka dawa za kuua kijidudu chenyewe zilipopatikana, ya kwanza ikiwa streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943. Leo dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali ya Kenya, na kwa kawaida hunywewa miezi 6. Mgonjwa anayeziacha akaenda kuota jua na kunywa vidonge vya vitamini hujiua mwenyewe, na huwaambukiza watu wa nyumba yake. Kadhalika hakuna jua wala samaki awezaye kushika mahali pa chanjo za mtoto, chandarua chenye dawa, au maji safi. Mtu akikohoa majuma mawili, aende zahanati. Mtoto akipumua kwa haraka na kifua kikibonyea, apelekwe siku ile ile.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Vitamini D husaidia mifupa na askari wa mwili, lakini haiponyi ugonjwa peke yake.
2. Pima jua kwa kivuli chako. Kivuli kifupi ndicho chenye vitamini.
3. Angalia wale wasiolipata jua: mtoto mchanga, mama akaaye ndani, mzee, na afanyaye kazi usiku.
4. Vibua, dagaa na mayai viliwe nyumbani, visiuzwe vyote.
5. Mtoto mwenye miguu inayopinda, viganja vilivyovimba kwenye kifundo, au aliyechelewa kutembea, apelekwe zahanati mapema.
6. Mwenye ualbino ajikinge na jua siku zote.
7. Dawa, chanjo na chandarua haviachwi.

MASWALI

Maswali haya yaweza kutumiwa na darasa la watu wazima au kikundi cha akina mama.

1. Kwa nini jua la saa moja asubuhi halifanyi vitamini D nyingi?
2. Watoto wa Nairobi na wa Jos walipata matege kwa sababu mbili mbalimbali. Ni zipi?
3. Jirani yako ana mtoto wa siku 20, naye hatoki nje kwa desturi. Utamshauri nini bila kuivunja desturi yake?
4. Ndugu yako anakunywa dawa za kifua kikuu, na mtu amemwambia vitamini D yatosha. Utamjibu nini?
5. Hesabu watu wa nyumba yako mmoja mmoja. Ni nani kati yao ambaye juma hili lote hakupigwa na jua la kivuli kifupi?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno tu. Yule utakayemtaja, kesho saa nne asubuhi mtolee kiti uani.